Tathmini ya afya ya jimbo na swali la wazazi: yaliyotokea Minnesota tangu 2008

Mkalimani wa Zahanati (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimeishi Minnesota miaka kumi na minne, na kwa miaka tisa kati ya hiyo riziki yangu imetoka katika ukalimani wa zahanati: Kiswahili cha pwani, Kiswahili cha Kongo nilichojifunza kwa wagonjwa wenyewe, na Kisomali kidogo cha kusalimia na kuomba radhi. Ninafungua uzi huu kwa sababu huku hazipiti siku nyingi kabla hatujaletewa hojaji, mwaliko wa mkutano au jedwali linalohusu tathmini ya afya ya jamii, na nimeona wenzetu wengi wakizitupa kama karatasi za serikali zisizowahusu. Mimi nilikuwa nikizitupa pia. Siku hizi ninazisoma neno kwa neno, ingawa nina ugomvi nazo, na ugomvi huo ndio ninaotaka kuuweka mezani.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Sheria ya jimbo ya mwaka 1976 iliweka msingi wa bodi za afya ya jamii, ambazo nyingine husimamia kaunti moja na nyingine kaunti kadhaa zilizojiunga, na kwa pamoja zinafikia kaunti zote 87. Kila bodi hutakiwa kuitathmini afya ya watu wake kwa mzunguko wa miaka mitano: hukusanya takwimu za vizazi na vifo, hutuma hojaji majumbani, huzungumza na vikundi vya wakazi, kisha huchagua mambo machache ya kushughulikia na kuyaandikia mpango. Idara ya Afya ya Minnesota hufanya kazi ya namna hiyohiyo kwa jimbo zima. Yapo pia mataifa 11 ya wenyeji wa asili, ya Waanishinaabe na Wadakota, yenye serikali zao na idara zao za afya, na hayo si kaunti wala hayapendi kuhesabiwa kama kaunti. Juu ya hayo, sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 inazitaka hospitali zisizo za faida kote Marekani kufanya tathmini ya mahitaji ya jamii zinazozizunguka kila baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba huku anaulizwa maswali kila wakati hatii chumvi.

Sasa, ukisoma wastani wa jimbo utadhani umefika peponi. Minnesota imezoea kukaa karibu na kilele katika orodha za majimbo ya Marekani kwa umri wa kuishi na kwa idadi ya watu wenye bima. Lakini mwaka 2014 idara yenyewe ilipeleka kwa bunge la jimbo ripoti kuhusu usawa katika afya, na humo ikakiri waziwazi, kwa lugha ambayo idara za serikali hazina mazoea ya kuitumia, kwamba wastani ule mzuri unaficha mianya mikubwa, na kwamba ubaguzi uliojengeka ndani ya mifumo ni sehemu ya chanzo chake. Watoto wachanga wa wenyeji wa asili na wa Wamarekani weusi walikuwa wakifariki kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya kile cha watoto wa wazungu, katika jimbo lilelile, mara nyingine ndani ya jiji lilelile.

Nataka nikae kwenye kisa kimoja, kwa sababu nilikikuta kikiendelea na ninakiona kila wiki kazini.

Mwaka 2008 wazazi wa Kisomali wa Minneapolis walianza kuuliza kwa nini watoto wao wengi hivyo wako katika madarasa ya awali ya watoto wenye usonji (autism). Swali lilikuwa wazi, nalo liliulizwa na watu waliohesabu kwa macho yao, darasa kwa darasa. Idara ya Afya ililichukua, na mwaka 2009 ikatoa ripoti iliyoonyesha kwamba ni kweli, sehemu ya watoto wa Kisomali katika programu hizo za shule ilikuwa kubwa kuliko ya wengine. Hata hivyo ripoti ilitegemea kumbukumbu za uandikishaji wa shule, na kumbukumbu za uandikishaji zinakuambia nani ameandikishwa, hazikuambii nani anaugua. Swali likabaki nusu.

Jibu kamili zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Minnesota mwishoni mwa mwaka 2013, kwa takwimu za mwaka 2010 za watoto wa miaka saba hadi tisa wa Minneapolis. Kati ya watoto wa Kisomali, mmoja katika kila 32 alikuwa na usonji. Kati ya watoto wazungu, mmoja katika kila 36, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki. Kati ya watoto weusi wasio Wasomali, mmoja katika 62. Na kati ya watoto wenye asili ya Amerika ya Kilatini, mmoja katika 80. Watoto wa Kisomali wenye usonji walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa pia na ulemavu wa akili, jambo ambalo wazazi walikuwa wamelisema tangu mwanzo kwa maneno yao wenyewe.

Tazameni umbali kati ya swali na jibu: miaka mitano. Katika miaka hiyo swali halikukaa kimya likisubiri. Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza ambaye makala yake ya 1998 iliyohusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ilifutwa na jarida lililoichapisha, na ambaye mwenyewe alifutwa katika daftari la madaktari mwaka 2010, alikuja Minneapolis na kukutana na wazazi hao. Alikuja na jibu. Lilikuwa jibu la uongo, lakini lilikuwa kamili, na halikuwa na sentensi zinazoanza kwa "takwimu zilizopo haziruhusu".

Mwaka 2004, asilimia 92 ya watoto wenye asili ya Somalia katika jimbo walikuwa wamepata chanjo hiyo wakifikia umri wa miaka miwili. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 42.

Mwaka 2011 ulitokea mlipuko wa surua wa wagonjwa 21, ulioanza na mtoto wa miezi thelathini aliyezaliwa Marekani na kuambukizwa katika safari ya Kenya. Mwaka 2017 ukaja mkubwa zaidi: ulitangazwa Aprili na kwisha Agosti, ukiwa na wagonjwa 75, wengi wao watoto wa Kisomali ambao hawakuchanjwa. Hakufa mtu, nasi tulimshukuru Mungu, kwa sababu nilikuwa zamu siku ambazo watoto walilazwa na nilizisikia pumzi zao.

Hoja yangu ni hii. Tathmini hupima kile ambacho mpimaji alikwisha kuamua kukiuliza, na jedwali la jimbo lilikuwa na safu moja tu iliyoandikwa "weusi", ambamo Msomali aliyefika juzi, Mkongo wa Kivu na Mmarekani mweusi ambaye familia yake imekuwa hapa kwa karne tatu walikuwa mtu mmoja. Jamii ilipouliza swali, safu ya kulijibu haikuwapo. Naomba mchango wenu.

Mwananjia

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na ninakushukuru, lakini naona unaitwisha idara mzigo usio wake. Uongo ulisambazwa na watu wenye majina, walioandaa mikutano na kukodi kumbi. Hata kama safu ya Wasomali ingekuwapo tangu 1990, mzazi mwenye mtoto asiyesema angekwenda kwa anayemwahidi sababu, na sayansi mpaka leo haijaweza kumpa sababu moja ya usonji. Isitoshe, sheria ya Minnesota inamruhusu mzazi kukataa chanjo kwa imani yake, kwa kuwasilisha tamko lililosainiwa mbele ya mthibitishaji wa saini (notary) tu. Funga mlango huo kwanza, safu za majedwali zitafuata.

Mkalimani wa Zahanati

Ndugu Mwananjia, sehemu ya kwanza ya hoja yako naikubali: waliosambaza uongo wanabeba uongo wao. Sehemu ya sheria inabishaniwa bungeni mara kwa mara na siitegemei. Ila kumbuka kwamba sharti la chanjo huanza kumbana mtoto anapoingia kituo cha malezi au shule, na mtoto anayelelewa na bibi nyumbani hupita miaka yake ya hatari bila kukutana nalo.

Pale ninapotofautiana nawe ni kwenye suala la sababu. Wazazi niliowakalimania hawakudai sababu tu. Walitaka mtu mwenye mamlaka akubali kwamba walichokiona wamekiona. Mama mmoja aliniambia, mimi nikitafsiri kwa daktari: "Nikisema mwanangu alikuwa akisema maneno kisha akaacha, mnaniandikia kwamba mama *anadai*." Neno hilo *anadai* lilikuwa kweli limeandikwa kwenye kompyuta. Ripoti ya 2013 ingekuja mapema ingesema: mmeona sawasawa, watoto wenu wenye usonji ni wengi, wa wazungu pia ni wengi kiasi hicho, na hali ya watoto wenu ni nzito zaidi, tusaidiane. Maneno hayo hayaponyi mtoto, lakini humwacha mzazi upande huu wa mlango.

Na tuna ushahidi wa kile ambacho kukutana ana kwa ana kunaweza kufanya. Katika mlipuko wa 2017 idara na kaunti ya Hennepin, lilipo jiji la Minneapolis, zilitumia wahudumu wa Kisomali, maimamu walizungumza misikitini, wauguzi walikaa na akina mama kwenye vituo vya malezi na kujibu maswali mpaka yakaisha. Kabla ya mlipuko dozi za chanjo hiyo zilizotolewa jimboni zilikuwa takriban 2,700 kwa wiki. Katika wiki za mlipuko zilikaribia 10,000. Woga wa surua ulichangia, silikatai hilo. Baadaye mlipuko ukaisha, nguvu ile ikapungua, na mwaka 2024 Minnesota ikawa tena na wagonjwa 70 wa surua, huku kiwango cha chanjo kwa watoto wa Kisomali kikiwa kimeshuka chini hata ya kile cha 2014. Mpango wa miaka mitano unaofadhiliwa kwa miezi mitano hauwezi kuitwa mpango.

Nyanda za Juu

Niko Iringa na sijawahi kufika Minnesota, ila ugonjwa huu wa wastani tunaujua. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30, na watu wakafurahi kwa sababu kiwango kilikuwa kikishuka. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57. Huu ndio mkoa unaolisha wengine mahindi! Mtu akisoma wastani wa taifa hatatufikiria. Akisoma takwimu za mavuno ndiyo kabisa hatatufikiria. Hapa kwetu mama anaamka kwenda shambani au kwenye chai alfajiri, mtoto anabaki na uji wa mahindi mtupu mpaka jioni, na hojaji ikiuliza kama kaya ina chakula, jibu la kweli ni ndiyo.

Mtakwimu Mstaafu

Nimefanya kazi ya takwimu za afya maisha yangu yote ya ajira, na naomba niseme jambo ambalo halipendwi. Kila mtu anataka safu yake kwenye jedwali. Ukizigawanya safu kupita kiasi unaharibu mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni uthabiti wa hesabu: kaunti ya mashambani yenye wajawazito kumi na wawili wanaozungumza Kiswahili ikipoteza mtoto mmoja mwaka huu na kutopoteza yeyote mwaka ujao, kiwango cha vifo kitaruka kutoka cha kutisha hadi sifuri bila chochote kubadilika katika huduma. La pili ni siri: wagonjwa wakiwa watatu, jirani yeyote atawajua kwa majina hata kama jedwali halikuwataja. Ndiyo maana ofisi makini huficha visanduku vyenye idadi ndogo.

Baada ya kusema hivyo, namuunga mkono mwanzisha uzi kuhusu safu ya "weusi", kwa sababu hiyo imethibitika kudanganya. Mwaka 1997 Richard David na James Collins walichapisha uchambuzi wa vizazi vya jimbo la Illinois. Watoto wa akina mama weusi waliozaliwa Afrika walikuwa na uzito wa wastani wa gramu 3,333 wakati wa kuzaliwa. Wa akina mama weusi waliozaliwa Marekani, gramu 3,089. Wa akina mama wazungu waliozaliwa Marekani, gramu 3,446. Yaani watoto wa mama Mwafrika walikuwa karibu zaidi na wa mama mzungu kuliko na wa mama mweusi wa Marekani. Aliyekuwa akitafuta sababu katika nasaba alitakiwa kufunga daftari lake siku hiyo na kwenda kuuliza nini humpata mwanamke mweusi anayekulia Marekani. Angalieni kwamba safu moja iliwadhulumu wote wawili: ilimficha mgeni katika takwimu za mwenyeji, na ilipunguza ukubwa wa madhara anayoyapata mwenyeji kwa kumchanganya na mgeni.

Mkalimani wa Zahanati

Mzee wangu Mtakwimu, shikamoo. Umenigusa mahali ambapo sikuwa nimefikiri vya kutosha, hasa hapo mwishoni. Nilikuja kulalamika kwa niaba ya wageni, nami sikuona kwamba Mmarekani mweusi naye amedhulumiwa na jedwali lilelile.

Kuhusu idadi ndogo, naona zipo njia ambazo wenzetu wamekwisha kuzijaribu. Unaweza kuunganisha miaka mitano ya takwimu pamoja, au kaunti kadhaa, mpaka kisanduku kipate uzito. Unaweza kuongeza makusudi idadi ya wanaohojiwa katika kundi dogo. Mataifa ya asili yalikwenda mbali zaidi: yana vituo vyao vya epidemiolojia, yaani vya kuchunguza magonjwa katika jamii, 12 nchi nzima, na kimojawapo huhudumia mataifa ya Minnesota, Wisconsin na Michigan, kwa hiyo wao wenyewe huamua kipi kipimwe na nani akisome kabla hakijatoka nje. Hapa jimboni lipo pia shirika linalokusanya matokeo ya zahanati na kuyachambua kwa lugha ya mgonjwa na nchi aliyozaliwa. Kwa hiyo haiwezi kusemwa tena kwamba mashine hazijui. Zinajua, kama tu mtu wa mapokezi ameuliza na kuandika.

Na hapo ndipo mambo huharibikia, kwenye meza ya mapokezi. Katika zahanati moja niliyofanya kazi, ambayo siitaji, Kiswahili kilikuwa kimo kwenye orodha ya lugha, lakini orodha ilikuwa ndefu, foleni ilikuwa ndefu zaidi, na "lugha nyingine" ilikuwa juu kabisa. Nilikaa pale asubuhi moja nikaona wazungumzaji wa Kiswahili sita wakiandikishwa, watano wakawa "lugha nyingine". Sijui kama kuna mtaalamu yeyote wa uchambuzi atakayeweza kuwarudisha watu hao watano.

Tafsiri zenyewe nazo zina mambo yake. Hojaji ya Kiswahili iliyoletwa kwetu iliuliza habari za "shinikizo la damu". Mzee wa Lubumbashi akanitazama. Nikamwambia "presha", bado. Nikamwambia "tansio", akacheka na kusema anayo tangu 1998. Kwenye karatasi, kabla sijafika, alikuwa amejibu hapana.

Mama wa Rochester

Ndugu zangu, nimesoma uzi wote nikiwa mapumzikoni kazini. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, naishi kaunti ya Olmsted, na kanisani tumetangaziwa kwamba kaunti na hospitali zinaandaa tathmini ya pamoja na zinaomba mwakilishi wa wazungumzaji wa Kiswahili. Wamenitaja mimi. Sina elimu ya afya, nimefanya kazi ya usafi miaka yote. Niende nikaseme nini?

Mwananjia

Mama, nenda. Mtu anayesafisha wodi anajua nani analazwa na nani harudi. Nami nimerudi nyuma kidogo katika nilichoandika juu. Nilidhani safu ni suala la karatasi.

Mtakwimu Mstaafu

Nenda, mama, na usikubali kuulizwa maoni ya "jamii ya Waswahili" kana kwamba ni familia moja. Mwambie mwenyekiti ni watu wa Kivu, wa Katanga, wa Burundi, wa pwani, wa kambini na wa mjini, na umwambie wewe unaweza kuwasemea wepi. Mwakilishi anayekiri mipaka yake huaminiwa zaidi katika yale anayoyasema.

Mkalimani wa Zahanati

Dada yangu wa Uvira, usiende kutoa hotuba. Nenda na swali moja ambalo akina mama wa kanisani kwenu wamekuwa wakiulizana, liwe la watoto, la meno, la usingizi baada ya zamu ya usiku, lolote lile, na uliandike kwa maneno yao bila kulipamba. Liombe liingie kwenye kumbukumbu za kikao jinsi lilivyo. Kisha uliza ni nani atakayelijibu, na kama hawana takwimu za kulijibu, uliza watazipata kwa njia gani na lini watakuja kanisani kuwaambia walichokipata, hata kama walichokipata ni nusu. Wazazi wa 2008 walipewa ripoti ya nusu. Sikumbuki kusikia kwamba kuna aliyekwenda kukaa nao na kueleza nusu iliyobaki iko wapi.

Uliza pia kama watawalipa wahudumu wa afya wa jamii wanaozungumza lugha zetu baada ya mpango kuandikwa. Jimbo hili liliruhusu tangu mwaka 2007 baadhi ya kazi zao zilipwe na bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, kwa hiyo wakikuambia haiwezekani, waambie kwa upole kwamba inawezekana.

Jambo la mwisho, dogo lakini limewahi kutukosesha mengi: uliza mkutano ni saa ngapi. Ule wa mwisho nilioalikwa mimi ulikuwa Jumanne saa nane mchana, wakati ambao watu wetu ama wako kazini au wamelala baada ya zamu ya usiku, na kati ya viti ishirini vilivyopangwa kwa ajili ya wakazi nilihesabu watu wanne, wawili wao tukiwa wakalimani. Ukishajua saa, tuandikie hapa, nami nitaangalia kama ninaweza kuja.